Nilivyomuua Sungusungu

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari ya bei ya mkaa. Naomba radhi, mkaa utasubiri. Nimerudi juzi kutoka Bariadi, na nimerudi na deni ambalo sitakuwa na raha mpaka nimelisema hadharani. Nimeua mfugo wa mtu.

Nilikwenda kumwona dada yangu, ambaye hatujaonana kwa miaka mitatu. Bariadi, kwa wale ambao hawajafika, ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa wilaya zilizotoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyomegwa kutoka Mwanza. Ukitoka Mwanza unafuata barabara ya Musoma, ziwa likiwa kushoto kwako, hadi Lamadi. Hapo unakata kulia na kuingia nchi ya pamba. Nilikuta msimu wa kununua pamba umepamba moto, malori yamejaa barabarani, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya kila kichaka.

Dada akanipa chumba cha mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, na yeye mwenyewe akahamia sebuleni. Mezani mle chumbani palikuwa na vitabu, rula, na kopo la plastiki la siagi ya karanga, lile la kuonekana ndani, limesimamishwa kichwa chini miguu juu. Mimi sikulitazama mara mbili. Usiku ule mbu wawili watatu wakaja kunisalimia sikioni. Chandarua kilikuwapo, tena kizuri, chenye dawa, lakini sisi watu wa mjini hatuna subira na sauti ya mbu. Kesho yake jioni nikanunua dukani dawa ya kupuliza, nikafunga dirisha, nikapuliza pembe zote nne, chini ya uvungu, nyuma ya pazia na juu ya meza. Nikafunga mlango, nikaenda zangu kula ugali.

Asubuhi mpwa wangu akabisha hodi kuchukua daftari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Hakujibu. Nilipogeuka nilimkuta amelishika kopo lile kwa mikono miwili, analitazama. Ndani yake, juu ya kipande cha kijiti, palikuwa na buibui mdogo kama punje ya choroko, amelala chali, miguu yote minane imejikunja kifuani.

"Sungusungu amekufa," akasema. Akaliweka kopo chini taratibu, akachukua daftari lake, akaenda shule. Siku nzima ile na jioni yake nilipewa shikamoo kama adabu inavyotaka, na zaidi ya hapo sikupewa neno.

Jina lile la Sungusungu, wasikilizaji wa Usukuma wataelewa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi huko Usukuma na Unyamwezi, wanavijiji wenyewe walijipanga na pinde na mishale wakalinda, bila sare na bila mshahara. Wakaitwa sungusungu, kwa jina la wale sisimizi weusi wakali. Kijana alimpa buibui jina la mdudu mwingine, lakini fikra yake ilikuwa kwa walinzi.

Dada yangu, badala ya kunitetea, alicheka mpaka akaketi. "Kaka," akaniambia, "hapa ni Usukumani. Ukiua ng'ombe wa mtu unalipa. Usifikiri kwa kuwa huyu alikuwa mdogo basi umesamehewa."

Basi siku ya pili nikamwita mpwa wangu, nikamwambia niko tayari kulipa, aseme anataka nini. Mimi moyoni nilikwishapanga: jogoo, au shati. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nitafutie mwingine. Lakini kwanza ujue anakula nini."

Hapo ndipo nilipoanza shule, wasikilizaji, katika umri huu.

Somo la kwanza lilikuwa miguu ile iliyojikunja. Nilidhani ni maumivu ya dawa. Kijana akanieleza kwamba buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini katika maungio yake makubwa hana misuli ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwilini mwake yaingie miguuni, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyokakamaa ukifungua bomba. Akifa, msukumo unakwisha, misuli inavuta, miguu inajikunja. Na msukumo huohuo ndio unaomrusha. Maana huyu hakuwa buibui wa utando. Ni buibui mrukaji. Yuko katika ukoo mkubwa kuliko koo zote za buibui, wenye aina zaidi ya 6,000 duniani, nao hawategi wavu wa kunasia nzi. Wanatembea, wanatafuta kwa macho, wananyemelea kama paka, kisha wanaruka. Kabla ya kuruka hubandika uzi mahali waliposimama, mfano wa fundi wa minara anayejifunga mkanda, ili wakikosa windo wasianguke mbali.

Nikauliza, haya, na chakula? Nikaambiwa chakula lazima kiwe hai na kiwe kinajongea, kwa sababu kinachomwamsha mwindaji huyu ni mwendo. Nzi aliyekufa ukimwekea, mara nyingi atampita kama kokoto. Buibui mchanga hupewa vinzi vile vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu. Mpwa wangu huvifuga vyenyewe: ndizi iliyooza ndani ya kikombe, kitambaa juu, baada ya siku kadhaa ana kundi. Buibui mkubwa hupewa nzi wa kawaida, mbu, au nyenje mchanga. Kipimo ni kwamba windo lisizidi sana mwili wa mwindaji. Mchanga hula kila baada ya siku mbili hivi, mkubwa kila baada ya siku tatu au nne, na wala huhitaji kalenda, unatazama tumbo. Tumbo likiwa nene kama tone, ameshiba, mwache. Likisinyaa na kujikunja, ana njaa, au, jambo ambalo wengi hawalijui, ana kiu.

Maji ndiyo huwaua wengi wanaofugwa na watoto. Mtu anamwekea buibui kifuniko cha soda kilichojaa maji, na huyo akiteleza humo anaweza kuzama. Buibui mrukaji hunywa umande. Unamnyunyizia matone machache ukutani mwa kopo, au unamwekea kipande cha pamba kilicholowana. Hapo mpwa wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, akaniambia, "Na pamba, mjomba, hapa hatununui."

Kopo linatobolewa matundu madogo kwa sindano iliyopashwa moto, maana unyevu bila hewa huleta ukungu. Ndani unaweka kijiti cha kupandia. Jua kali lisilipige moja kwa moja. Kopo la plastiki dirishani saa saba mchana ni chungu jikoni. Tena haifai kuweka buibui wawili pamoja kwa kudhani watapata urafiki, kwani asubuhi utamkuta mmoja, amenenepa. Na ile habari ya kopo kusimamishwa kichwa chini, iliyonishangaza siku ya kwanza, ina sababu yake. Buibui huyu hujishonea kifuko cha uzi cha kulalia, na hupenda kukishona juu kabisa. Ukiwa na mfuniko juu, kila ukifungua unamchania nyumba yake. Kijana akageuza kopo, mfuniko ukawa sakafu. Hakuambiwa na mtu. Alichana nyumba mara mbili, mara ya tatu akageuza.

Kuna jambo moja alilolisema mara nne, nami nalirudia hapa kwa heshima yake. Usimlishe mdudu uliyemwokota mahali palipopulizwa dawa. Wakati wa kupiga dawa ya funza wa vitumba, wakulima wanapita na mabomba mgongoni, na nzi anayetambaa kwa kuyumba pembezoni mwa shamba huwa amekwisha kunywa sumu. Ukimpa buibui, umempa sumu ile. Nilitazama sakafu. Yeye hakunitazama; nadhani ilikuwa adabu.

Jioni moja dada yangu aliniita kando, akashusha sauti. Jirani mmoja alikuwa ameuliza mtoto yule anafuga nini kwenye kopo. Msikilizaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka hapa, lakini asicheke. Katika mikoa ile swali kama hilo si la mzaha. Wako bibi vizee waliokatwa mapanga Usukumani kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyopikwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka hamsini, watu wakasema ni ya uchawi. Dada alikuwa akifikiria kumwambia kijana aache. Nikamshauri kinyume chake: kopo lisifichwe chumbani, litoke barazani. Kesho yake, baada ya kutoka shule, kijana akawaita watoto wa jirani waje waone buibui akilishwa, na mama yao akafuata nyuma na mtoto mgongoni. Mtu akishaona nzi akinyemelewa kwa dakika tatu nzima, kisha akarukiwa, hana tena la kunong'ona. Isitoshe, hata wazee wa pale hawakuona ajabu kubwa. Usukuma ndiko kwenye chama cha Bayeye, wanaocheza ngoma na nyoka hai mikononi. Watu hao wamejua siku nyingi kwamba kiumbe wa kutisha ukijua chakula chake na tabia yake, unaweza kukaa naye.

Lakini nimekimbilia kulisha kabla sijawaambia tulivyompata huyo buibui. Tulimtafuta kwa siku mbili. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya dada, upande unaopigwa na jua la asubuhi, karibu na mbarika unaoota pale jalalani. Kijana akanifundisha: glasi unaiweka juu yake polepole, kisha karatasi unaipitisha chini. Mara tatu nilikosa. Mara ya nne, kabla sijateremsha glasi, yule mdogo akageuka mzima mzima akanitazama. Nasema akanitazama, na sisemi kwa kutia chumvi. Ana macho manane, na mawili makubwa yako mbele kama taa za gari, na ukisogeza kidole kulia anageukia kulia. Nimeishi miaka hii yote nikiwapiga viumbe hawa kwa kandambili, sikujua kwamba wenzangu walikuwa wananiona nakuja.

Niliporudi mjini nilianza kuuliza na kusoma, nikakuta kwamba wataalamu wamekwisha kuketi na ukoo huu kwa miaka mingi, tena si mbali na kwetu. Pale Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ziwa hilohilo linalopakana na Busega, kuna kituo cha ICIPE kinachoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Hapo anachunguzwa buibui mrukaji mmoja anayejulikana katika eneo la ziwa, Kenya na Uganda. Mwaka 2003 alipewa jina la kitaalamu Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Ni mdogo, milimita tano hivi, na dume ana uso mwekundu. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha habari zake. Buibui huyu anapenda damu. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu, kwa hiyo hutafuta aliyekwisha kuinyonya: mbu jike aliyeshiba. Ukimpa achague kati ya mbu mwenye damu na mdudu mwingine wa ukubwa uleule, huchagua mwenye damu.

Walimjaribu kwa kila njia. Waliunganisha vipande vya mbu waliokufa, kichwa cha jike kwa tumbo la mwingine, wakaona kwamba anatazama tumbo jekundu na pia anatazama papasi, kwa sababu za dume zina manyoya mengi na dume haumi. Wachanga wake humtambua Anofelesi, mbu wa malaria, kwa namna anavyotua, tumbo limenyanyuliwa juu. Hupitia nyuma na kuingia chini ya tumbo lile kabla ya kumvamia. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson wakaonyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa kuliko soksi safi. Maana yake, ananusa mahali tulipo, kwani tulipo sisi ndipo mbu watakapokuja. Hupenda pia harufu ya mbarika, na hunywa utamu wa mimea. Niliposoma hapo nilikumbuka jalala la dada. Sidai kwamba yule tuliyemkamata ni wa ukoo ule wa Mbita, mimi si mtaalamu. Mbarika umeota kila jalala la nchi hii.

Pana mtu atauliza, ikiwa mbu amekwisha kuniuma, kumla kwake kunanisaidia nini? Kunasaidia. Vimelea vya malaria mbu anapovinyonya kwa mgonjwa havimwambukizi mwingine usiku uleule. Huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Na damu ile ndiyo anayoitumia kutengeneza mayai. Mbu aliyetua ukutani na tumbo jekundu asubuhi, akiliwa, mayai hayatagwi na vimelea havifiki kwa mtu wa pili.

Hata hivyo nisieleweke vibaya, maana najua barua zitakazokuja. Buibui mmoja hamalizi mbu wa nyumba, wala wataalamu hawajasema hivyo. Chandarua chenye dawa kilichokuwapo kitandani siku ile ndicho kilichokuwa kinga yangu, na kama ningekichomeka vizuri nikalala, nisingehitaji kwenda dukani. Wakija watu wa afya kupuliza dawa-ukoko ukutani, mfunguliwe milango. Ninalolizungumza ni lile kopo la dukani tunalolibonyeza ovyo kila jioni kwa sababu ya sauti moja sikioni, bila kuangalia mezani kuna nini.

Katika kusoma huko nilikutana na kijana mwingine, nikamkatia mpwa wangu habari yake nikamtumia. Huyu ni Mmisri, Amr Mohamed wa Iskanderia. Alishinda shindano la vijana kwa kuuliza swali moja: buibui mrukaji, aliyezoea kuruka akijua ataanguka, atawindaje mahali ambapo hakuna kuanguka? Mwaka 2012 buibui jike aliyepewa jina Nefertiti akapelekwa kwenye kituo cha anga za juu pamoja na vinzi vya matunda vya kumlisha. Alikaa huko siku 100 hivi, akajifunza kuwinda bila uzito, akarudi duniani salama. Wakampeleka kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na Desemba mwaka huohuo akafa. Wengi wa ukoo huu huishi mwaka mmoja hivi. Mfugaji wa buibui lazima ajue hesabu hiyo tangu mwanzo.

Huko Marekani na Ulaya ufugaji huu umekuwa mkubwa. Wanayempenda zaidi ni Phidippus regius, mwenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani, mnene, mwenye manyoya. Wanamzalisha majumbani na kumuuzia vinyumba vya plastiki vyenye mlango wa ubavuni, jambo lilelile alilolivumbua kijana wa Bariadi kwa kopo la siagi ya karanga. Na kwa kuwa najua Watanzania wenzangu, nawahi kusema: asianze mtu kukusanya buibui kwenye kuta za bibi yake akitafuta mnunuzi wa Ulaya. Majongoo na nge wetu wamesafirishwa sana kwa biashara hiyo, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Mpwa wangu hafugi kwa kuuza. Nilimuuliza afuga kwa nini. Akasema, "Nataka kujua anafanya nini nikiwa shule." Jibu hilo sikuliongezea kitu.

Yule wa pili ameitwa Sungusungu wa Pili. Siku tatu za kwanza alikula nzi wawili na mbu mmoja, ambaye, nasikia, alikamatwa na mama wa jirani na kuletwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nikafunga safari kurudi.

Jana usiku dada akanipigia simu, akampa kijana. Sungusungu wa Pili amejifungia ndani ya kifuko chake siku ya sita sasa. Hatoki, hali, hasogei. Nilishtuka, nikauliza amekufa? Hapana, nikaambiwa, anajivua ngozi. Buibui hukua kwa kuvua ngozi ya zamani, na kabla ya hapo hujifungia, akakataa chakula siku kadhaa, pengine majuma. Wakati huo mwili wake ni laini. Haulizwi, hatikiswi, haachiwi nyenje ndani ya kopo kwa sababu nyenje anaweza kumtafuna yeye. Unanyunyiza tone la maji pembeni na kungoja.

"Na ikipita juma la pili?" nikauliza.

"Mjomba," akasema, "wewe usimguse tu."

Niko Dar es Salaam, wasikilizaji, yeye yuko Bariadi, ningemgusaje? Nikamjibu kwamba nimesikia. Habari ya mkaa, tukijaliwa, juma lijalo.